Nakataa: Dinosari wa Baridi Hawakuhama

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita kulizuka jambo ambalo hadi leo halijanitoka rohoni. Mwenzetu mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema kwamba dinosari walioishi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia walikuwa wakihama kila baridi ikianza, kama nyumbu wa Maasai Mara, na kwamba kiumbe yeyote mwenye akili huikimbia baridi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipoinua mkono nipinge, mwengine akanikatiza: "Wewe wa Ndia Kuu theluji umeijulia wapi? Hayo si mambo yetu!" Watu wakacheka, kengele ikalia, tukatawanyika. Namshukuru mhariri kwa kunipa ukurasa huu, manake nina majibu mawili. Naanza na lile la kicheko.

Ati si mambo yetu. Kule Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, Tanzania, kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichimbua mifupa ya dinosari wa miaka milioni 150 iliyopita. Waliochimba kwa majembe walikuwa mamia ya watu wa huko huko. Wapagazi wakaibeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200! Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, jina ambalo ukilisikia utadhani ni mzee wa mtaa wetu. Mwaka 2007 dinosari mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwaka 2019 mwengine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa kuwakumbuka Wamwera wenye nchi ile na mchimbaji Mohammadi Keranje. Yule mrefu kupita wote, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin, mita 13 na ushei kwenda juu. Akija hapa Ndia Kuu atatuchungulia ghorofani bila kujinyoosha. Hata Turkana, kwenye milima ya Lapurr, mifupa ya dinosari imepatikana. Sasa nani kasema si mambo yetu?

Kweli, Tendaguru hakukuwa na theluji. Kulikuwa na mvua na kiangazi, na kiangazi kikikaza majani yanakauka. Lakini swali ni lile lile la huko kwenye baridi: chakula kikipungua, mnyama aondoke au astahamili?

Wengi wetu tukisikia Alaska tunafikiria barafu tupu. Miaka milioni 70 iliyopita, Alaska ya kaskazini ilikuwa karibu zaidi na ncha kuliko ilivyo leo, lakini dunia nzima ilikuwa na joto zaidi. Kulikuwa na misitu ya misonobari na kangaga chini yake. Ukichanganya siku zote za mwaka, wastani wa joto ulikuwa kama nyuzi 6, yaani kama ndani ya friji ya soda. Majira ya baridi theluji ilianguka, maji yakaganda. Sisi hapa kipupwe cha Julai kikivuma kidogo tu na kusi, watu washatoa masweta.

Baridi yenyewe lakini si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni giza. Jua likizama halirudi kwa miezi minne hivi. Nilipomsimulia nyanya yangu aliniuliza swali moja tu: "Na magharibi wataijuaje?" Hapa kwetu saa ya magharibi husogea kama nusu saa tu mwaka mzima, ndiyo sababu jambo hili ni gumu kulifikiria. Bila jua mimea haikui. Kwa hivyo adui wa dinosari wa Alaska alikuwa njaa zaidi ya baridi, na hapo ndipo wenye hoja ya kuhama wanapopata nguvu. Wanasema, kama chakula hakuna, wangekaa kufanya nini?

Haya, tuhesabu. Kutoka kule walikoishi hadi kutoka nje ya eneo la giza ni zaidi ya kilomita 1,500, kwenda peke yake. Ni kama kutoka bandarini hapa ukashike njia ya malori uelekee Kigali, kwa miguu, halafu urudi, na mwakani uanze tena. Mnyama mkubwa pengine angejaribu. Hata mimi nakubali kwamba wako dinosari waliohama: meno ya Camarasaurus wa Marekani yalipochunguzwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wakati wa kiangazi alikuwa akienda kama kilomita 300 kutafuta maji na majani milimani. Lakini hiyo ni karibu na safari ya kutoka hapa hadi Lamu. Kigali ni habari nyengine.

Na vitoto je? Hapa ndipo hoja ya nyumbu inapovunjika mguu. Ndama wa nyumbu akizaliwa, dakika chache tu kashasimama, anamfuata mamake. Dinosari alitoka kwenye yai, na yai lake lilichukua muda. Mwaka 2017 wataalamu walihesabu mistari ya ukuaji kwenye meno ya vitoto vilivyokuwa bado ndani ya mayai. Wakagundua kwamba aina moja ilikaa ndani ya yai karibu miezi mitatu, na nyengine karibu sita. Yai la kuku ni siku 21! Basi mama akitaga jua liliporudi, vitoto vinatoka kiangazi kinaishia, giza liko mlangoni. Na vitoto vyenyewe vilikuwepo, hili si la kubahatisha. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba katika kingo za mto Colville, Alaska, imepatikana mifupa na meno ya vitoto vya aina saba za dinosari, wakubwa kwa wadogo, wala majani na wala nyama. Mengine ya meno hayo ni madogo kama kichwa cha pini. Walizaliwa pale pale. Mwenye jino kama kichwa cha pini atatembea hadi Kigali?

Walistahimili vipi? Wako waliokuwa na manyoya. Yutyrannus wa Uchina, aliyetangazwa mwaka 2012, alikuwa na urefu wa mita tisa na bado mwili wake ulikuwa na manyoya, naye aliishi nchi ya baridi. Wadogo waliweza kuchimba mashimo: huko Marekani, mwaka 2007, ilitangazwa habari ya dinosari aliyepatikana shimoni mwake pamoja na watoto wake wawili. Wakubwa walitafuna vijiti na magome, wakatumia mafuta ya mwilini. Wengine hutaja macho ya Leaellynasaura wa Australia, aliyepewa jina la binti wa wataalamu waliomwandika mwaka 1989 (baba na mama wengine hununua viatu tu). Wanasema macho yake makubwa yalikuwa ya kuonea gizani. Mimi siitegemei sana hoja hiyo, manake fuvu lile ni la kitoto, na kitoto cha mnyama yeyote kina macho makubwa. Hata paka wa Forodhani.

Najua nitaambiwa nini. Ndege wametokana na dinosari, na ndege wanahama. Kweli. Nendeni Tudor au Mida maji yakiwa yametoka, kabla kaskazi haijashika sawasawa, mtawaona vitwitwi kwenye tope. Wako kati yao, wale wenye mdomo uliopinda kidogo, waliototolewa Siberia kaskazini kabisa, wakaja kwetu kuepa baridi. Mwezi wa nne watarudi. Lakini wana mbawa. Na kule kule kaskazini, kwenye visiwa vya Svalbard, yuko ndege wa jamii ya kwale anayeshinda zaidi ardhini kuliko angani. Huyo giza likiingia haendi popote. Hubadilisha manyoya yakawa meupe, miguu yake hufunikwa manyoya hadi vidoleni, akafukua theluji atafute kula mpaka jua lirudi.

Kwa hivyo ndugu yangu wa kidato cha nne, ukurasa wa mwakani ni wako. Nyumbu usinirudishie tena, niambie vile vitoto vya mto Colville vilipita njia gani.