Tustroki ya mtumba haitaki mbwembwe, inataka vipimo

Kila shabiki wa soka anaijua hadithi hii. Klabu inatangaza mshambuliaji mpya, anapokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma, picha zinajaa kwenye simu. Mechi ya tatu anashika goti na kutolewa kwa machela. Baadaye ndipo inajulikana kwamba vipimo vya afya vilifanyika juu juu, maana viongozi walikuwa na haraka ya kutambulisha jina. Hela imekwenda, msimu umekwenda, na lawama zote anabebeshwa kocha.

Kwa vijana wanaopenda pikipiki za porini hadithi ni ileile, ila badala ya goti ni injini. Kijana anadunduliza hela zake, ananunua Yamaha YZ250 ya mtumba, au DT 125 iliyopigwa mnada baada ya mradi fulani kuisha. Inawaka kwa kiki mbili, inanguruma, moshi wa buluu unatoka, moyo unaruka. Wiki hiyohiyo anaagiza ekzosi ya mbwembwe na stika za rangi. Wiki ya tatu, katikati ya mlima, pistoni inakaba ndani ya silinda, tairi la nyuma linajifunga ghafla, na kijana wa watu yuko chini pamoja na chuma chake.

Hapo wengi husema tustroki hazifai, ni injini za kunoki. Siyo kweli. Kilichokosekana ni mpangilio. Hela iliyonunua ekzosi ingeweza kununua sili za krenki, gasketi, ringi na pistoni mpya, halafu chenji ikabaki ya oili nzuri. Klabu yenye akili hujaza nafasi ya beki kabla ya kutafuta winga wa kufanya mbwembwe mbele ya jukwaa.

Injini ya tustroki ina sifa moja inayomvutia mtu mwenye hela ndogo: ni rahisi. Haina valvu za juu wala kemshafti. Kila mzunguko mmoja wa krenki unatoa mlipuko mmoja, wakati forstroki inahitaji mizunguko miwili. Ndiyo maana ni nyepesi na ina nguvu kuliko ukubwa wake, na fundi mzuri anaweza kufungua kichwa, kutoa silinda na kubadilisha pistoni ndani ya siku moja.

Lakini urahisi huo una mtego wake. Kwenye tustroki, mchanganyiko wa petroli, hewa na oili hupita kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, ndipo upande juu ya pistoni. Chumba hicho kikivuja, hata kwa kitundu kidogo, injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa chache kuliko hewa, joto linapanda, pistoni inavimba na kukaba. Mwenye pikipiki anabadilisha pistoni, anarudi barabarani, na baada ya muda mfupi inakaba tena. Ni sawa na timu inayofukuza kocha kila baada ya vipigo vitatu wakati ugonjwa uko kwa mabeki wa kati.

Kipimo cha ugonjwa huo wala siyo siri ya wazungu. Fundi anaziba mdomo unaopokea kabureta na tundu la ekzosi, anapuliza hewa kwa pampu ya mkono mpaka takribani psi 6, kisha anasubiri dakika kadhaa akiangalia mshale. Ukishuka haraka, kuna pa kutafuta. Anapaka maji ya sabuni, na mapovu yanamwonyesha mahali, kama fundi pancha anavyotafuta tundu kwenye tyubu. Ni kazi ya nusu saa, lakini mafundi wengi huiruka kwa sababu mteja anataka kusikia mngurumo leo.

Sili za krenki ziko mbili na kila moja ina dalili zake. Ya upande wa magneti ikichoka, injini inavuta hewa kavu na kuchemka, au inapanda mzunguko yenyewe hata gesi ikiwa imefungwa. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuichoma: moshi unakuwa mzito na mweupe, oili inapungua na hakuna tone lililodondoka chini. Dalili zote mbili zinaonekana mapema kwa anayetaka kuziona.

Baada ya hapo ni krenki yenyewe. Konrodi ikisukumwa na kuvutwa kwa mkono, juu na chini, isiwe na mchezo hata kidogo. Kuyumba kidogo kwa ubavu ni kawaida, lakini kugonga juu na chini ni kadi nyekundu. Kuweka pistoni mpya juu ya krenki ya namna hiyo ni kumvalisha majeruhi jezi mpya.

Kisha silinda, na hapa ndipo wengi wamepoteza hela. Silinda ya DT 125 ya kupozwa kwa hewa ina koti la chuma ndani. Ikikwaruzika, inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, basi. Ya YZ250 ni habari nyingine. Ni ya alumini na ukuta wake umepakwa utando mgumu wenye nikeli. Hiyo haichongwi kienyeji. Utando ukiharibika, silinda inapakwa upya na wataalamu au inanunuliwa nyingine. Kuipeleka kwa mchongaji wa mtaani kwa sababu aliwahi kuchonga ya DT vizuri ni kumpeleka kipa akapige penalti ya fainali.

Injini ikishapita vipimo, linakuja swali la nguvu. Hapa vijana wanakosea kama mashabiki wanaohesabu mabao tu bila kumwona kiungo mkabaji. YZ250 ilitengenezwa kwa motokrosi, mbio za kuruka vilima kwenye uwanja kama Jamhuri Park wa Nairobi au Busiika wa Uganda. Nguvu yake inakuja kwa kishindo pale mzunguko unapopanda. Uwanjani hiyo ni raha. Kwenye njia ya porini yenye mizizi, mawe na tope, kishindo hicho kinazungusha tairi bure na kumchosha dereva kabla ya saa moja kuisha.

Yamaha wenyewe wanalijua hilo. Walipotoa YZ250X, toleo la mwaka 2016 kwa ajili ya mbio za porini, hawakuiongezea makali injini ileile ya 249cc. Waliipunguza mgandamizo, wakabadilisha giaboksi ili gia zisibanane, wakalainisha shokapu na kuweka rimu ya nyuma ya inchi 18 badala ya 19. Kiwanda chenye uwezo wote kiliamua kwamba ili pikipiki iende vizuri porini, ipunguzwe ukali.

Mwingereza Graham Jarvis ameshinda Erzbergrodeo ya Austria mara tano, 2013, 2014, 2015, 2018 na 2019, kwa pikipiki za tustroki. Ni mbio za kwenye mgodi wa chuma, kwenye miinuko na mawe ambayo wengi hushindwa kumaliza. Anayemtazama kwa mara ya kwanza hushangaa anavyokwenda taratibu, kimyakimya, wakati wengine wananguruma na kuanguka. Jamaa anaupiga mwingi kwa gesi ndogo.

Kwa mwenye pikipiki ya mtumba, somo hilo halihitaji hela nyingi. Kupunguza jino moja kwenye spoketi ya mbele kunaleta karibu faida ileile ya kuongeza matatu au manne nyuma: pikipiki inapanda mlima bila kulazimisha klachi. Valvu ya ekzosi, kwa injini zilizo nayo, isafishwe masizi ili ifunguke na kufunga kama ilivyokusudiwa. Vile vibao vyembamba vya kupokea mchanganyiko chini ya kabureta vikaguliwe, maana kimoja kikichanika ncha, kuwaka kwa asubuhi kunakuwa ugomvi.

Halafu kuna kabureta, na hapa watu wa mpira wataelewa haraka. Timu ya Dar es Salaam ikipanda kucheza Uwanja wa Sokoine, Mbeya, wachezaji hulalamika pumzi. Kule ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Pikipiki nayo inapumua. Iliyosetiwa Dar ikipanda Mbeya inapata petroli nyingi kuliko hewa: inavuta moshi, inasita, plagi inalowa. Inaudhi, lakini haiuwi. Hatari ni safari ya kurudi. Iliyosetiwa Mbeya kwa jeti ndogo ikishuka pwani inapata hewa nyingi kuliko petroli. Itakimbia vizuri sana, dereva atafurahi, kumbe anachoma pistoni.

Rangi ya plagi inasema yote. Ya kahawia kama kahawa ni salama, nyeusi iliyolowa ina petroli nyingi, nyeupe ni ya kuzima injini na kurudi kwenye kabureta. Na kwa kuwa porini mkono haufungui gesi yote, jeti kubwa siyo mchezaji muhimu sana huko. Kazi kubwa iko kwenye jeti ndogo na sindano. Klipu ya sindano ikishushwa kijino kimoja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Hilo halina gharama hata ya shilingi.

Oili nayo imejaa imani za vijiweni. Wapo wanaomwaga kwa kukisia, wakiamini nyingi ndiyo salama. Kipimo cha 40 kwa 1 maana yake ni mililita 125 kwa lita 5 za petroli, na chupa yenye alama inatosha kupima. Ikizidi sana, inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, na injini iliyodhaniwa inalindwa inakosa petroli. Kingine: kwenye mteremko mrefu, gesi ikifungwa kabisa huku gia imeshika, injini inazunguka kwa kasi bila oili ya kutosha, maana oili inaingia pamoja na petroli. Kufungua gesi kidogo mara kwa mara, au kukamata klachi, kunaiokoa.

Mafundi wa zamani watasema wao wanasikiliza injini kwa sikio, na ni kweli sikio lao ni dhahabu. Lakini sikio linasikia jeraha likishatokea. Konrodi ikianza kugonga, krenki imeshakwenda. Kocha mzuri humtazama mchezaji kwa jicho, halafu bado anampeleka kwa daktari.

Kijana mwenye hela ya kununua kitu kimoja tu baada ya pikipiki, asianze na ekzosi. Aanze na sili, gasketi na nusu saa ya pampu ya mkono. Akipita hapo, milima ya Mbeya haitamshinda. Asipopita, ngoma za uwanja wa ndege ataziimba njia nzima akisukuma pikipiki kurudi nyumbani.