MPE MWENZIO KITABU, UMWAMBIE NA SABABU

Waulizwapo watu kitabu wakipendacho, aghalabu hukitaja na kuongeza neno moja tu: "Kizuri." Ukidadisi uzuri wake u wapi, hunyamaza, au hukwambia kwamba walikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Twaona hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kitabu kilichosomwa kwa hofu ya mtihani hufungwa siku ile ile mtihani unapokwisha, na aliyekisoma hubaki akiamini kwamba amekwisha maliza nacho. Wala hatuwalaumu walimu. Wao wana mtaala wao na saa zao zilizohesabiwa. Twajilaumu sisi tulio watu wazima, ambao hatumpi jirani kitabu na kumweleza kwa nini tumemchagulia hicho wala si kingine.

Basi na tuanze na vyetu. Kwa kila ndugu aketiye katika kamati, iwe ya tawi, ya kijiji, ya ushirika au ya shule, twamchagulia "Kusadikika" cha marehemu Shaaban Robert. Kilipigwa chapa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza na mwandishi mwenyewe akiwa karani wa serikali hiyo hiyo. Mtu aliye katika hali ile hakuweza kuyasema yote waziwazi, kwa hiyo aliitoa nchi yake ardhini akaielekeza hewani, huko ikaelea ambako hakuna mkubwa awezaye kusema, "Hapa umenitaja mimi." Katika nchi hiyo Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Naye hajitetei kwa kulia. Awasimulia wakubwa wa baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, hata mbinguni na ardhini, wakatafute yaliyo na manufaa kwa nchi. Na kila aliyerudi na jambo la maana alitupwa kifungoni.

Wasomaji wengi humkumbuka Majivuno. Sisi yeye hatushangazi. Tumekwisha kutana naye katika mikutano isiyo na idadi, na pengine mara moja au mbili tulimwona katika kioo. Watushangazao ni wale wajumbe. Wa pili alijua yaliyompata wa kwanza, na wa sita aliyajua ya watano wote, na bado alifunga safari. Ndugu msomaji, ni mara ngapi mtu ametumwa na wenzake, akaenda kwa nauli yake mwenyewe, akarudi na habari isiyopendeza, kisha akaandikwa katika kumbukumbu za mkutano kuwa ni mkorofi? Sisi tumewahi kuketi katika kikao cha namna hiyo, na tulinyamaza kama walivyonyamaza wengine. Usiku ule tulikitoa kitabu hiki kabatini, tukakisoma mpaka kumekucha. Hiyo ndiyo sababu yetu, na hatuna nyingine iliyo bora zaidi.

Kitabu cha pili twawapa akina baba, nao wengine watastaajabu. Ni "Rosa Mistika" cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na ambacho kwa muda kilipigwa marufuku shuleni. Katika bweni la shule ya misheni tuliyosoma, kilipita mkono hata mkono na kulala chini ya magodoro. Tulikisoma upesi upesi tukitafuta yaliyokatazwa, na tulipoyapata tukadhani tumekisoma. La hasha. Ilitulazimu tuwe na binti kwanza ndipo tulipoyaona yaliyoandikwa mle. Zakaria, baba yake Rosa, mtu wa Ukerewe, ni mlevi. Lakini kwa habari ya heshima ya binti zake ni mkali kama simba. Ampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na adhani amekwisha mlinda. Binti aliyefundishwa kuogopa tu afika pale ambapo baba hayupo, na hofu ile haimfai kitu. Waliokizuia kitabu hiki waliwahurumia wasichana. Twadhani walipaswa kuwapelekea wazazi.

Wako watakaosema kwamba apendekezaye kitabu lazima akubaliane nacho. Hatusadiki. Kwa vijana wapendao habari za kale twapendekeza "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, cha mwaka 1934, ijapokuwa kinatuudhi. Mwandishi ni mwana wa mtumwa aliyekombolewa, wa watu wale waliowekwa Freretown karibu na Mombasa. Basi ni sauti ya nyumba ambayo mambo hayo yaliifika. Lakini shukrani zake kwa Waingereza hazina kituo, na mtu akisoma kitabu hicho peke yake atadhani kwamba Wazungu hawakupata kununua mtumwa hata mmoja. Tulipokisoma mara ya kwanza tulikitupa. Tulipokirudia tulijiuliza swali jingine: mtu ambaye baba yake alifunguliwa minyororo, tulitaka amshukuru nani? Kisomeni wawili wawili, mbishane. Kitabu cha kubishana nacho chaweza kumfaa kijana kuliko kumi vya kuitikia.

Viko vingine ambavyo nafasi hairuhusu kuvieleza kama vistahilivyo. Mama aliyeambiwa kwamba amechelewa kuanza jambo na apewe "Wasifu wa Siti binti Saad", cha Shaaban Robert vilevile, habari za mwanamke wa Fumba aliyetembeza vyungu mjini Unguja, na ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Kwa wafanyakazi wa bandarini, na kwa wale wanaokula mchele ulioshushwa na mabega ya wengine pasipo kuyafikiria, twataja "Kuli" cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, ambamo mna mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948.

Twawaomba wasomaji watuandikie vyao, lakini kwa sharti moja: barua isiseme tu jina la kitabu. Iseme kimechaguliwa kwa ajili ya mtu wa namna gani, na kilimfanya nini aliyekichagua. Barua isemayo "kizuri" tutaiweka kando.

Pengine msomaji atauliza kama tunayatenda haya tuyasemayo. Nakala yetu ya "Kusadikika" tulimwazima mmoja wa wale waliokuwa katika kikao tulichokitaja, yeye aliyezungumza kwa sauti kubwa kuliko wote. Haijarudi hata leo, na hatujamdai.