Msiba wa Kujitakia

Katika mambo ambayo watungaji wa hadithi hupenda kuyasimulia juu ya kazi yao, hapana linalosimuliwa kwa fahari kubwa kuliko machozi yao. Mtungaji huulizwa alijionaje siku alipomwua mtu mkuu wa kitabu chake, naye hujibu kuwa alilia. Kuwa kalamu ilimwanguka mkononi. Kuwa chakula hakikupita kooni siku ile, kwa sababu watu wa hadithi ni watoto wake, na mzazi hamziki mwanawe kwa macho makavu. Msikilizaji huguswa na maneno haya. Huondoka akiamini kuwa kifo kilichomliza mtungaji hakikosi kuwa kifo chema katika hadithi, na kuwa mtungaji asiyelia ni mchinjaji.

Imani hiyo ni potofu, na madhara yake si madogo. Wahenga walisema kuwa msiba wa kujitakia hauna kilio. Mzazi aliyefiwa hakuchagua siku, wala maradhi, wala kitanda. Mtungaji alichagua vyote vitatu. Alikuwa na uwezo wa kuuzuia mkono wake, naye hakuuzuia. Kwa hiyo haifai kumwuliza kama alilia. Yafaa kumwuliza kwa nini alimwua mtu yule, na baada ya kumwua, alimlipa nini.

Historia ya utungaji ina ushahidi mwingi kuwa hisia za mtungaji si mizani ya kupimia vifo vya vitabuni. Charles Dickens wa Uingereza alipokuwa akitoa hadithi ya mtoto Nell, The Old Curiosity Shop, sehemu kwa sehemu katika miaka ya 1840 na 1841, wasomaji walimwandikia kumsihi amwachie uhai msichana yule. Dickens mwenyewe aliteseka. Shemeji yake, Mary Hogarth, alikuwa amekufa ghafula nyumbani kwake mwaka 1837, naye ana umri wa miaka 17; kifo cha Nell kilikitonesha kidonda kile. Majonzi yake yalikuwa ya kweli, na wasomaji wake walilia pamoja naye. Lakini katika vizazi vilivyofuata wako wengi walioyaonea haya machozi yale, na wako walioyacheka. Sababu yake haiko mbali. Nell hafi kama mtu. Huzimika kama mshumaa. Hana kosa, hana hasira, hana hata maradhi yenye jina. Dickens alikuwa akimlilia Mary, na Nell amekuwa jeneza la kuchukulia kilio hicho. Machozi yalikuwa safi, na kifo kilikuwa dhaifu.

Arthur Conan Doyle alisimama upande wa pili. Sherlock Holmes alimletea sifa na fedha, lakini alimchosha, kwa kuwa Doyle alitamani kujulikana kwa riwaya zake za historia. Desemba 1893 alimtosa mpelelezi wake katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, nchini Uswisi, akashusha pumzi kama mpagazi aliyetua mzigo. Wasomaji walighadhibika. Mwaka 1901 Doyle alianza kutoa kisa kingine cha Holmes, akakiweka katika siku za kabla ya kifo; na mwaka 1903 alimrudisha kabisa, akaeleza kuwa Holmes hakuanguka majini kamwe. Kifo kile hakikuzaliwa katika maisha ya Holmes. Kilizaliwa katika uchovu wa Doyle, na ndiyo maana kilifutika upesi kama maandishi ya chaki. Kifo kilichotakiwa na hadithi yenyewe hakifutiki, mtungaji akijuta asijute.

Kisa cha Anthony Trollope kinafundisha zaidi ya hivyo viwili. Alikuwa ameketi katika klabu ya Athenaeum mjini London, akaisikia sauti ya makasisi wawili wakilalamika kuwa mtungaji huyu huwarudisha watu wale wale katika kila kitabu. Miongoni mwa waliowaudhi alikuwa Bibi Proudie, mke wa askofu, mwanamke mkali aliyemtawala mumewe. Trollope aliinuka, akajitambulisha, akawaahidi kuwa atakwenda nyumbani akamwue bibi huyo kabla ya juma kwisha. Akatimiza ahadi katika The Last Chronicle of Barset, kitabu cha mwaka 1867. Katika wasifu wake, uliotolewa mwaka 1883 baada ya kufa kwake, alikiri kuwa wakati mwingine alikijutia kitendo kile.

Hapana sababu nyepesi ya kuua kuliko masengenyo ya klabuni. Hata hivyo kifo cha Bibi Proudie ni kifo kizuri cha hadithi. Uzuri wake hautoki katika hisia za Trollope. Unatoka katika kazi aliyoifanya baada ya kuua. Hakumwacha maiti akakimbilia sura nyingine. Alikaa na mjane. Alimwonyesha askofu aliyefunguliwa minyororo ya miaka mingi, akajiona huru, akaona vile vile kuwa amempoteza mtu pekee aliyempigania. Akainama kumwomba Mungu amwepushe na dhambi ya kufurahi. Mwanamke aliyechukiwa na wasomaji akapewa haki yake siku ya kufa kwake.

Basi mmoja alilia, mmoja alifarijika, na mmoja alitania. Aliyelia na aliyefarijika walikosea, aliyetania alipata. Ni dhahiri kuwa kipimo lazima kitafutwe kwingine, na Waswahili hawana haja ya kukitafuta mbali. Katika mazishi ya Waislamu, kabla maiti hajatiwa kaburini, jamaa hutangaza mbele ya watu kuwa anayemdai marehemu na ajitokeze. Haulizwi mtu kama analia. Huulizwa hesabu. Kilio ni cha mtu na moyo wake. Deni ni la watu wote, na halizikwi.

Mtungaji anayeua hana budi kusimama mahali pale pale pa jamaa wa maiti. Gustave Flaubert wa Ufaransa alisimama hapo. Alimwandikia Hippolyte Taine kuwa alipokuwa akieleza jinsi Emma Bovary alivyokula arseniki, yeye mwenyewe aliisikia ladha ya sumu kinywani, hata akatapika chakula chake. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama habari ya huruma, na sivyo kilivyo. Ni habari ya mtu aliyekijua kifo anachokieleza hata mwili wake ukashiriki. Na la maana zaidi limo katika kitabu. Madame Bovary, kilichotoka kitabu kizima mwaka 1857, hakiishi Emma anapokata roho. Madeni aliyokopeshwa na mfanya biashara mjanja yanabaki. Mumewe anadhoofika na kufa. Binti yao anapelekwa kiwandani kufanya kazi ya pamba. Kila aliyehusika na kifo kile anaitwa, na kila deni linasomwa.

Wala haifai kudhani kuwa adabu hiyo ni ya Wazungu. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una kifo kisichoshindwa na chochote cha ng'ambo. Liyongo hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo inaombwa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makubwa na mfalme wa Pate. Baba anatambua hila, lakini anaitoa siri. Anapochomwa, anatoka na uta wake hadi kisimani, anapiga goti na mshale umevutwa, na hapo anakufa. Watu wanamdhania hai. Hawathubutu kuteka maji, na mji unashikwa na kiu, hata mama yake anakuja kumsihi. Mtungaji halii hata mara moja. Kilio amemwachia mama, mwenye haki nacho. Yeye ameshughulika na hesabu: aliyetoa ahadi, aliyepokea, mji ulionyamaza, na kisima kilichoudai mji huo fidia.

Katika riwaya, Euphrase Kezilahabi aliifuata njia hiyo kwa ujasiri. Rosa Mistika, kitabu chake cha mwaka 1971, kilipingwa na kuzuiwa shuleni kwa muda. Rosa, msichana aliyelelewa kwa ukali na baba yake, anapotea katika anasa, anajaribu kutengenea, anakataliwa na mchumba wake kwa kuwa si bikira, na anajiua. Mtungaji wa kawaida angeliweka hapo nukta na kutaka sifa kwa mafunzo mema. Kezilahabi hakuweka nukta. Alimsimamisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu, ili iulizwe nani mwenye kosa. Yawezekana msomaji asiridhike na hukumu. Hawezi kusema kuwa kesi haikusikilizwa.

Hadithi nyingi hazifanyi hivyo. Msichana wa kijijini anakwenda mjini, anadanganywa, anapata mimba au maradhi, na katika kurasa mbili za mwisho anakufa. Aliyemdanganya ametoweka tangu sura ya tatu, na hakuna anayemtafuta. Mtoto aliyeachwa hana jina. Mwalimu anawauliza wanafunzi wamejifunza nini, nao wanajibu kuwa anasa huua. Wasichana walioko darasani wanajifunza jambo la pili ambalo halikuandikwa ubaoni: kuwa mwenzao alikufa na hapana aliyedaiwa. Hilo ndilo dhara. Na mtungaji wa kitabu hicho akiulizwa, husema kuwa alilia sana. Kufa kufaana: msichana amekufa, na mtungaji amepata mwisho wa kitabu, na sifa ya huruma juu yake.

Wako watakaojitetea kuwa duniani watu hufa bila ya sababu. Gari hupinduka, homa hupita, na aliye hai asubuhi huzikwa jioni. Basi vipi hadithi idaiwe sababu? Utetezi huu una ukweli nusu. Ni kweli kuwa ajali haina sababu. Si kweli kuwa haina matokeo. Aliyekufa kwa ajali huacha viatu mlangoni, deni dukani, eda ya mjane, na mtoto anayeuliza baba atarudi lini. Matanga hukaliwa, na ndugu hugombana juu ya shamba. Mtungaji anayeiiga ajali ya dunia na aige matanga yake pia. Anayechukua ajali na kuyaacha matanga hakuiga dunia. Ameiba kipande chake chepesi.

Hapana anayemkataza mtungaji kulia. Machozi yake ni mali yake, na huenda yakamsaidia kuiona kazi yake. Lakini asiyalete sokoni kuwa dhamana ya kitabu. Kabla ya kumfunika mtu wake sanda, na asimame mbele ya kurasa alizoandika, atangaze kama itangazwavyo makaburini, naye aongeze swali moja: marehemu huyu anamdai nani? Kisha asubiri. Mtu asipojitokeza, mtu huyo bado si wa kuzikwa, na kalamu irudi nyuma ikaanze pale palipoachwa pengo.