Ukurasa wa Vijana: Kutia na Kupunguza Vipande vya Video



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo imeingia katika nyumba nyingi: kutengeneza video kwa kompyuta au kwa simu. Nikaha hupigwa picha, na darasa za msikitini kadhalika, kisha kijana wa nyumbani ndiye aambiwaye, "Tutengenezee, utupunguzie urefu." Kazi hii ina manufaa, nayo ina elimu yake. Asiyeijua elimu hiyo aweza kumtia mwenziwe katika aibu pasipo kukusudia.

Hapo zamani filamu ilikatwa kwa mkasi na kuungwa kwa gundi. Walakini mwaka 1989 ilionyeshwa Avid/1, mtambo wa kufanyia kazi hii ndani ya kompyuta, na mwaka 1991 ikafuata programu ya Premiere. Leo ziko programu kama Kdenlive na Shotcut zipatikanazo bila malipo. Tofauti kubwa na mkasi ni hii: kompyuta haikati kitu. Video ya asili hubaki nzima mahali pake. Programu huandika tu kwamba kipande kianzie hapa na kiishie pale. Lishikeni sana jambo hili, maana tutalirudia.

Kwanza, kutia kipande. Tazama video yako, na mahali unapotaka kipande kianze bonyeza herufi I. Unapotaka kiishe bonyeza O. Programu nyingi hutumia herufi hizo. Kisha weka alama katika mstari wa wakati, yaani ule utepe ambao vipande hupangwa juu yake kwa zamu. Hapa pana njia mbili, na wanafunzi wengi huzichanganya. Njia ya kupachika husukuma mbele vyote vinavyofuata, na video nzima hurefuka. Njia ya kufunika haisukumi kitu. Kipande kipya hukaa juu ya kilichokuwapo na kukiondoa. Mathalan, mawaidha ya dakika 10 ukiyapachika picha ya sekunde 5 katikati, maneno ya msemaji yatakatika, kisha yataendelea baada ya picha. Kama wataka sauti iendelee na picha ionekane tu, iweke picha katika safu ya juu. Tena angalia usipachike hali safu ya sauti imefungwa, kwani picha itasogea na sauti itabaki nyuma, midomo iseme hili na masikio yasikie lile.

Pili, kupunguza. Shika ukingo wa kipande na kuuvuta ndani. Ukipunguza kwa njia ya kawaida hubaki pengo, na mtazamaji huona kiza. Ukipunguza kwa njia ya kuziba, vipande vya mbele hurudi nyuma na kulijaza. Iko na njia ya tatu, ya kusogeza mpaka baina ya vipande viwili: kimoja hupungua na cha pili huongezeka kwa kiasi kile kile, wala urefu wa video haubadiliki. Kumbukeni kwamba katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu 5 tu ni sehemu ya tano ya sekunde, nazo zatosha kula silabi ya neno.

Basi tusimulie yaliyotufika nyumbani kwetu. Katika nikaha ya binti yetu mmoja, aliyekuwa akisomea ualimu, ami yetu alisimama akanena: "Wako wasemao kwamba binti akisha kuolewa asiendelee na masomo." Akanyamaza, akakohoa, kisha akasema: "Mimi nasema wamekosa. Mwacheni asome." Kijana wetu aliona pale penye kikohozi ni mahali pazuri pa kukatia. Akapunguza mwanzo, akapunguza mwisho, akabakiza haya: "Binti akisha kuolewa asiendelee na masomo." Akaipeleka video kwa jamaa wote. Kwa siku mbili bibi arusi alilia, akidhani mzee wake amemfungia mlango mbele ya wakwe. Akawa tayari kuviweka vitabu vyake sandukuni.

Ami aliposikia aliuliza neno moja tu: "Na maneno yangu mengine yako wapi?" Yalikuwapo, kwani asili haikuguswa. Kijana alivuta ukingo wa mwanzo nje sekunde 2, na ukingo wa mwisho sekunde 6, maneno yakarudi kama yalivyonenwa. Lakini ile ya kwanza ilikwisha kuenea katika simu za watu, na simu za watu hazina ukingo wa kuvuta. Ilimpasa ami, kwa miguu yake, aende nyumba kwa nyumba kuieleza kauli yake mwenyewe. Binti alirudi chuoni. Aibu ya kijana haikuisha upesi.

Wazee wetu hutuonya juu ya mtu asomaye ile aya inayokataza kusali katika hali ya ulevi, akaishia penye katazo la sala. Hakuongeza neno hata moja, naye amesema uwongo.

Kwa hiyo, enyi vijana, shikeni mambo matatu. Kabla ya kupunguza maneno ya mtu, sikilizeni sentensi ya kabla na ya baada. Msifute video ya asili mpaka kazi imekwisha na kukubaliwa. Na mwenye maneno ayaone kwanza kabla hayajaonwa na watu. Mkipunguza, punguzeni vikohozi na vimya. Maana ya mtu ni amana, mrudishieni nzima.