NG'OMBE HUSWAGWA, MTU HUSHAURIWA



Hapa Loliondo, na kule Endulen, Nainokanoka na Kakesio, hakuna boma ambalo wazee hukaa chini ya mti wasiulizane swali moja: Tuhame au tukae? Na tukihama, twende wapi? Vijana wanalibishania njiani wakienda Wasso, na akina mama wanaliwaza kisimani. Nasi hatuwezi kulinyamazia, maana chama kisichosema juu ya ardhi ya wananchi hakina kazi.

Kwanza tuseme wazi: kuhama si dhambi. Wachaga wametoka mlimani wakafungua maduka katika kila mji wa nchi hii. Wasukuma wameshuka na mifugo yao mpaka Usangu, Rukwa na Kilombero. Mmasai naye maisha yake ni kuhama, kwa kuwa huyafuata majani na maji. Kwa hiyo jamaa waliopanda magari kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, tangu Juni 2022, wasitukanwe wala wasiitwe wasaliti. Kama mtu amepima akaona huko ni kwema kwa watoto wake, na aende, Mungu amwongoze.

Tunachokipinga ni kingine. Tunapinga mtu kuswagwa kama ng'ombe, kisha ikatangazwa kwamba amehama kwa hiari yake.

Hatusemi hivi kwa chuki. Tumepata kuhamishwa. Serengeti ilipokwisha fanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, wazee wetu waliambiwa kuwa wao na nyumbu hawawezi kukaa pamoja. Aprili 1958 wazee 12 walitia dole gumba katika karatasi iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua, wakaiacha Serengeti. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliunda Hifadhi ya Ngorongoro, na Gavana Turnbull akaahidi mbele ya baraza la Wamasai kwamba huko, mambo ya wanyama yakigongana na ya watu, watu ndio watakaotangulia.

Ahadi hiyo imekwenda wapi? Mwaka 1974 watu waliondolewa ndani ya kreta. Mwaka 1975 sheria ikakataza kilimo. Kilimo kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena. Mtoto wa aliyehamishwa Serengeti akiambiwa leo kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, je, ana kosa akitaka kuiona karatasi kwanza?

Wala Wamasai si wa kwanza. Mwaka 1951 Wameru kiasi cha 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 ndugu Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Tanganyika nzima ilijifunza neno moja katika kesi ile: anayeweza kukuondoa katika ardhi yako bila kukuuliza, huyo ndiye bwana wako. Tulidai Uhuru ili bwana wa namna hiyo asiwepo tena, awe Mzungu au awe mweusi kama sisi.

Na tusijifiche nyuma ya Wakoloni. Chama kilicholeta Uhuru nacho kilikosea. Novemba 1973 iliamriwa kwamba kukaa vijijini ni lazima, na katika nchi ya Wamasai ikaja Operesheni Imparnati. Palijengwa shule na zahanati, nasi hatukatai. Lakini amri haikufanya kazi ya ushauri siku zile, wala haitaifanya leo.

Sasa tuitazame Msomera. Familia inapewa nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja cha ekari mbili na nusu, na shamba la ekari tano, kiasi cha kilomita 600 kutoka hapa. Kwa mkulima mdogo hiyo ni riziki. Lakini mfugaji hapimiwi kwa ekari, hupimiwa kwa majira. Nyumbu wakizaa kwenye mbuga za majani mafupi, ng'ombe hawasogei huko, maana ndama wa nyumbu wana maradhi yanayoua ng'ombe. Hapo tunapanda milimani. Kiangazi kikiwa kikali twafuata chemchemi. Mwenye ng'ombe 60 ukampa ekari saba na nusu, umemwambia auze 50 bila kulitamka neno. Tena kuna watu waliokuwa wakilima na kuchunga Msomera kabla ya nyumba zile kujengwa. Malalamiko yao yalimalizwa wapi, na nani? Hatupendi kupewa shamba lenye machozi ya mwenzetu.

Tunaambiwa ni hiari. Basi tuulize hiari ni nini. Mwaka 2022 fedha zilizopangiwa shule za Ngorongoro ziliondolewa zikapelekwa Handeni. Mwaka huo huo ndege za waganga zilizokuwa zikihudumia vijiji vya mbali zilizuiwa kuruka. Hospitali ya misheni pale Endulen ikapunguziwa huduma. Mtu akinyimwa dawa hapa na kuonyeshwa dawa kule, kisha akaenda, hiyo si hiari. Huko ni kumziba mtu pumzi na kumwonyesha mlango.

Na Loliondo je? Sisi hatumo hata ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Sisi tuna vijiji. Hata hivyo Juni 2022 vigingi vilipigwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500, yaani malisho na maji yetu ya kiangazi. Askari mmoja aliuawa kwa mshale, na wananchi wengi walijeruhiwa, wengine kwa risasi. Mamia wakakimbilia Narok. Damu ile yote ni ya Tanzania, nasi tunaililia yote. Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Arusha ilitamka kuwa tangazo la Juni 2022 lilikuwa batili, kwa kuwa wenyeji hawakushauriwa. Lakini tangu Oktoba 2022 eneo lilikwisha pandishwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Twashinda kesi huku mlango umekwisha fungwa!

Watatujibu: "Wanyama ni mali ya taifa." Ndiyo, na waliowalinda ni nani, hata mkawakuta? Tena, tangu mwaka 1992 kitalu cha Loliondo kiligawiwa kampuni ya uwindaji ya kutoka Uarabuni. Mgeni mwenye bunduki ahesabiwe rafiki wa wanyama, na mwenyeji mwenye fimbo aitwe adui? Hesabu hiyo twaikataa.

Watajibu tena: "Watu wameongezeka." Ni kweli. Mwaka 1959 walikuwa kiasi cha 8,000 Ngorongoro, na sasa wamezidi 100,000. Jambo hili lahitaji shauri, nasi hatulikimbii. Lakini watu wakiongezeka hujengewa shule na kuletewa mifugo bora yenye maziwa mengi. Kuwafuta si dawa. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro kwa kalamu moja. Maelfu wakatoka barabarani bila silaha, Mahakama ikalisimamisha, na serikali ikarudi nyuma. Hapo tulijua kwamba umoja bado una nguvu.

Kwa hiyo twasema hivi. Huduma za shule na hospitali zirudishwe kamili kwanza, ndipo mtu aulizwe kama anataka kuhama. Wazee na akina mama wapelekwe kukagua huko waendako, wakae hata kiangazi kimoja, kisha waseme. Anayehama apewe hati mkononi. Anayekaa asibughudhiwe. Njia za mifugo kwenda kwenye maji ya Pololeti zifunguliwe wakati wa ukame. Na yote yaliyosemwa mbele ya tume mbili zilizozinduliwa na Rais Februari 2025 yasomwe hadharani katika kila kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kimasai.

Nawe ndugu unayefikiri kuhama, usiamue kwa hasira wala kwa woga. Uliza: Maji yako wapi mwezi wa Septemba? Hati ni ya nani? Jirani yangu amekubali nije? Nikishindwa, naweza kurudi? Ukijibiwa yote ukaridhika, nenda kwa amani. Usipojibiwa, kaa, nasi tutakaa pamoja nawe.

Ng'ombe huswagwa. Mtu hushauriwa. Hiyo ndiyo maana ya Uhuru.