Mume hutamka, mke husimulia

Katika Kaunti ya Fairfax, Virginia, kuna Chuo Kikuu cha George Mason, alikofundisha mwanaanthropolojia Susan Hirsch. Utafiti uliomjengea jina, hata hivyo, aliufanyia mbali na huko: katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, miaka ya 1980.

Kitabu chake cha 1998 kinavuruga soga za vijiweni kuhusu nani msemaji na nani mkimya. Pwani, mke mwema husifiwa kwa kusubiri na kuficha siri za nyumba. (Subira hiyo ni tamu kwa asiyedaiwa kuwa nayo.) Mume hahitaji hadithi ndefu, neno la talaka likimtoka, limeshafanya kazi yake. Mbele ya kadhi mambo hugeuka. Wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake, nao husimulia kisa kizima, matumizi yasiyotolewa, kutelekezwa, kipigo, huku wakijua kwamba kusema kwenyewe kunaweza kuwavunjia heshima. Na mara nyingi hushinda.

Anayeshikilia kwamba wanawake ni domo tu aangalie hesabu. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowarekodi wanafunzi wa Marekani na Mexico: wanawake walisema takriban maneno 16,000 kwa siku, na wanaume karibu idadi hiyohiyo. Wazee wa baraza za kahawa za Mombasa hawakupimwa. Pengine wangewapita wote.