Chati yangu iliwapunguza watu wa Likoni

Wasee, leo nataka tugombane kidogo. Kila nikifungua simu naona mtu anafundisha Python kwa dakika moja: chati inang'aa, rangi kumi, muziki juu, halafu "nifolo upate sehemu ya pili." Fresh. Lakini sijaona hata mmoja akifundisha kuandika zile fanksheni mbili ndogo za kazi ya kila siku: moja ya kukutolea muhtasari wa namba zako, ya pili ya kuweka lebo kwenye chati. Mimi nasema hizo ndizo za kwanza, kabla hujagusa rangi. Na nasema hivi kwa sababu nishamuaibisha rafiki yangu mbele za watu.

Ilikuwa hivi. Nilitaka kuchora chati ya wakaazi wa Mombasa. Data ni ya sensa ya 2019, ile ya usiku wa tarehe 24 Agosti, na wanaoitoa ni Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Kaunti nzima watu 1,208,333, kaunti ndogo sita. Kazi ya dakika kumi, si ndiyo? Nimekaa zangu kibarazani Mji wa Kale baada ya Isha, laptopu magotini, kahawa chungu pembeni. Namba nikaziweka kwenye orodha moja. Majina nikayaweka kwenye orodha nyingine, kwa alfabeti. Chati ikatoka na nguzo zimekaa ovyo, ndefu, fupi, ndefu, kama meno ya mtoto wa miaka sita. Nikaona aibu. Nikapanga namba kutoka kubwa hadi ndogo.

Majina sikuyapanga. Yakabaki pale pale kwa alfabeti.

Kwa hivyo Changamwe, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote kwa watu 131,882, ikavishwa namba ya Kisauni, 291,930. Likoni yenye watu 250,358 ikapewa 163,415, ambayo ni ya Jomvu. Watu 86,943 wa ng'ambo wamepotea hivi hivi, hata mazishi hakuna.

Utaniuliza, we hukuangalia kabla ya kuposti? Wallahi niliangalia. Niliangalia kwetu. Mvita ndiyo kisiwa chenyewe, Mji wa Kale umo humo, na namba yake naijua kwa kichwa: 154,171. Na kwenye chati ilikuwa 154,171! Kwa sababu kwa alfabeti Mvita ni ya tano, na kwa wingi wa watu pia ni ya tano. Ndiyo pekee iliyokaa mahali pake. Nikajumlisha namba zote nihakikishe, zikatoka 1,208,333 kamili. Wastani sawa, kubwa sawa, ndogo sawa. Kila kitu sawa isipokuwa ukweli.

Nikaposti. Ikaenda kwenye magrupu.

Rafiki yangu wa Likoni, tumesoma pamoja, anavuka feri kila asubuhi kuja kutafuta riziki upande wetu. Akaichukua ile chati kwenda nayo kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti. Vijana wa kwao walitaka kuomba zahanati. Akasimama na simu yake, akaanza kusoma namba. Mama mmoja akamkatiza: "Mwanangu, Likoni ndiyo ina watu wachache kuliko Changamwe? Wewe feri ya saa kumi na mbili asubuhi huipandi?" Watu wakacheka. Hoja yake hakuimaliza, na sidhani kuna mtu aliyeikumbuka baadaye. Mimi alininunia wiki mbili. Nilimpa haki yake.

Sasa rudi kwenye fanksheni. Kama hujawahi kuandika, fikiria masala ya pilau ya nyumbani. Mama hasagi iliki, bizari na mdalasini kila siku ya Ijumaa kuanzia mwanzo. Ameshasaga, ameweka kwenye chupa, kipimo anakijua. Fanksheni saidizi ni ile chupa. Unaandika mara moja, unaipa jina, halafu kila chati unaita jina lile.

Yangu ya lebo naiita weka_lebo, na ina sheria moja ngumu: haipokei orodha mbili. Inataka jedwali moja, jina na namba kwenye mstari mmoja, ukipanga vinahama pamoja kama mtu na kivuli chake. Namba inayoandikwa juu ya nguzo inasomwa kutoka mstari ule ule uliochora nguzo. (Matplotlib tangu toleo la 3.4 la 2021 ina bar_label, inakuandikia namba juu ya nguzo bila wewe kupiga hesabu za nafasi. Itumie, usijitese.) Halafu inadai kichwa, kipimo, mwaka na chanzo. Ukikosa kimoja inakataa kuchora kabisa. Nilipoiandika nilijiona mkali kupita kiasi. Siku ya tatu ikanikatalia chati mbili, zote nilikuwa nimesahau mwaka.

Ile ya pili, muhtasari, watu wengi wanaona haina maana kwa sababu pandas ina describe tayari. Kweli inayo, na ni nzuri. Lakini jua inavyofanya kazi. Sehemu zilizo tupu inaziruka bila kusema neno. Ukiwa na watu mia umewauliza na arubaini hawakujibu, wastani utakaoletewa ni wa wale sitini, na usipotazama ile namba ya hesabu pale juu hutajua. Fanksheni yangu mstari wa kwanza inasema: zimejazwa ngapi, tupu ngapi. Pia inaweka wastani na namba ya katikati bega kwa bega. Kwa kaunti ndogo zetu sita, wastani ni watu 201,389 lakini katikati ni 189,996. Kisauni na Likoni zinavuta juu. Mtu akikwambia "kaunti ndogo ya kawaida Mombasa ina watu laki mbili," muulize ni ipi hiyo, maana nne kati ya sita haziko karibu na hapo.

Kuna jambo moja zaidi lililonichanganya mwezi mzima. Ukitafuta namba ya kuonyesha data imetawanyika kiasi gani, std, pandas inagawa kwa idadi toa moja, numpy inagawa kwa idadi yenyewe. Data ile ile, majibu mawili, na marafiki wawili wanaitana waongo. Ndani ya fanksheni unachagua moja, unaandika kwamba umeichagua, mmemaliza.

Najua mtakuja kwenye komenti: siku hizi AI inaandika yote hayo. Sawa, ikuandikie. Ila wewe ndiye utakayeiambia isipokee orodha mbili, na hutaiambia kama hujui kwa nini. Hoja yenye uzito ni nyingine, na naikubali: ukikosea ndani ya fanksheni, umekosea kwenye chati zako zote kwa mpigo. Ndiyo maana yangu naijaribu kwanza na zile namba sita za sensa, na siangalii Mvita. Naangalia Likoni na Changamwe.

Na lebo ziwe za Kiswahili jamani. Kwenye weka_lebo nina kamusi ndogo ndani, nimeijaza mara moja tu: idadi ya watu, kaunti ndogo, chanzo. Yule mama wa kikaoni aliikamata namba mbovu bila kuona hata nguzo moja. Je, angeiona chati yenyewe, imeandikwa kwa lugha yake?

Jumatatu nilimtumia rafiki yangu chati mpya. Likoni iko ya pili kutoka juu, 250,358. Akajibu neno moja tu: "Chanzo?"

Kiko pale chini, bro. Vuta picha uone vizuri.